Asubuhi mlangoni, WhatsApp, kukaa chini au mtu wa kati: njia ipi ya kumwambia mlezi wa mtoto jambo gumu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto wa wiki 12 shingo ndiyo kwanza inakaza, na kliniki wanakusisitizia anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Hapo ndipo wengi wetu tunapombeba, tunamkabidhi kwa mtu mwingine na kukimbilia daladala.

Mimi nimepita kwa walezi wa aina tatu: mama mkwe kwa miezi ya mwanzo, dada wa kazi kwa mwaka na nusu, na sasa kituo cha kulelea watoto mchana. Kwa wote watatu ilifika siku ya kusema jambo lisilosemeka kirahisi. Kulikuwa na maji aliyokuwa akinyweshwa mtoto wa miezi mitatu. Kulikuwa na simu mkononi mwa dada wakati mtoto anatambaa kuelekea jikoni. Kulikuwa na alama ya meno kwenye mkono wa mtoto. Nimeona kwamba maneno yale yale yakipita njia tofauti yanafika yakiwa mambo tofauti kabisa, kwa hiyo hapa nazilinganisha njia zenyewe. Kipimo changu ni kimoja: ukishamaliza kusema, nani anabaki na mtoto, kwa saa ngapi, na umemwacha na moyo wa namna gani?

Mlangoni: asubuhi au jioni

Kwa kipimo hicho, asubuhi inashindwa mapema. Saa kumi na mbili na nusu una haraka, umevaa viatu tayari, na jambo lililokunyima usingizi linakutoka kwa sentensi moja kali: "Na jana mtoto hakuoga, nimeona." Unafunga geti. Wewe umeshautua mzigo, lakini aliyeupokea anabaki nao kwa saa kumi na moja, na mtu pekee aliye karibu naye ni mtoto wako. Sisemi atamdhuru. Nasema atakuwa amevunjika moyo, na mlezi aliyevunjika moyo anamlisha mtoto kimya kimya, haimbi, hachezi naye. Mtoto analiona hilo kabla yako.

Asubuhi iachiwe taarifa tu: amelala vibaya, ameamka na joto kidogo, dawa iko hapa, kipimo ni hiki.

Jioni ni bora, ingawa nayo ina mtego wake. Kituoni saa kumi na moja wazazi wamejaa mlangoni, mwalimu ameshika watoto wawili na mabegi matatu. Ukimuuliza mbele ya wenzako, hata kwa sauti ya chini, umeshamweka barazani. Nyumbani nako unaingia umechoka na foleni, na dada amechoka kuliko wewe. Nusu saa ya kwanza baada ya kufika mimi siigusi kwa jambo lolote gumu. Salamu, pole na kazi, nampokea mtoto, dada anakwenda kuoga. Tukishakula ndipo.

WhatsApp: maandishi au sauti

Hapa nimewahi kukosea vibaya. Nikiwa kazini niliona kwenye picha aliyonitumia dada kwamba mtoto amevalishwa sweta mchana wa Februari, Dar es Salaam. Niliandika: "Mbona umemvalisha hivyo?" Mbele ya uso wake ningelisema huku nacheka. Kwenye skrini halikuwa na kicheko. Tiki zikageuka bluu, hakujibu, na siku mbili zilizofuata hakutuma picha yoyote. Nilipoteza dirisha langu la kumwona mwanangu mchana kwa ajili ya sweta.

Maandishi yana kazi yake, na kwenye kazi hiyo hakuna njia inayoyazidi. Yafaa kwa namba na saa: dawa mililita tano, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Yafaa kwa maelekezo ambayo hayapaswi kutegemea kumbukumbu. Mfano ni maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Yakiwa nje ya friji hayapaswi kukaa zaidi ya muda wa saa nne, na hapo ni penye joto lisilozidi nyuzi 25. Jikoni kwetu Januari nyuzi 25 hazipo, kwa hiyo ujumbe wangu ulikuwa mfupi: yakitoka friji apewe, yakibaki kwenye chupa aliyonyonya yamwagwe, asihurumie. Kwenye maandishi halikusikika kama lawama kwa sababu halikuwa lawama.

Ujumbe wa sauti ni jambo lingine. Unafaa kwa dada anayesoma polepole, na sauti yako inabeba upole ambao herufi haziubebi. Ila inabeba na hasira pia, na inaweza kusikilizwa mara tano, ikasikilizwa na jirani, ikatumwa kwa mama yake kijijini. Unaweza kuufuta, lakini aliyekwisha kuusikia amekwisha kuusikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwenye kundi la wazazi wa kituo, jambo la mwalimu mmoja lisiandikwe kabisa. Nimeshuhudia swali dogo la uji likikusanya jumbe nyingi kabla ya saa sita mchana, na mwalimu mwenyewe alikuwa humo kundini, anasoma, huku amezungukwa na watoto.

Kukaa chini

Kwa jambo lolote linalohusu tabia ya mlezi, yaani simu, televisheni tangu asubuhi, kufokea, kuchelewa kubadilisha pampasi, chakula kinachorudi bila kuguswa, hii ndiyo njia ninayoichagua mimi. Inachukua muda, na inataka ujiandae.

Kujiandaa kwenyewe ni kuchagua maneno, na Kiswahili kinakusaidia ukikitumia vizuri. "Kwa nini" ni neno la mahakamani. Ukimwambia mtu "kwa nini mtoto ana alama hii?" umeshamkalisha kizimbani, naye atatafuta utetezi, si ukweli. "Ilikuwaje?" inamwomba simulizi. "Nisimulie leo siku yenu ilikwendaje, maana nimeona alama hapa pajani." Mtu anayesimulia hujikuta ametaja yale ambayo anayejitetea angeyaficha.

Pia angalia unamweka nani mwanzoni mwa sentensi. "Umemwacha na pampasi mpaka saa tisa" inamnyooshea mtu kidole. "Leo pampasi ilikaa mpaka saa tisa, ngozi imekuwa nyekundu" inawanyooshea wote wawili ngozi ya mtoto. Ukweli ni ule ule, hujauficha wala kuupunguza, ila umempa nafasi ya kusogea upande wako kulitazama tatizo. Baada ya hapo ndipo "tufanyeje?"

Halafu kuna "sawa". Dada aliyelelewa kijijini amefundishwa kumjibu mkubwa "sawa mama" akiwa ameinamisha macho. Hiyo ni adabu. Haimaanishi amekubali, haimaanishi ameelewa, na macho yale ya chini si ya mtu mwongo. Nilikuwa nikizipokea sawa hizo na kuondoka nimeridhika, kisha kesho mambo ni yale yale, nikadhani ana kiburi. Siku hizi namuuliza, "Kwako wewe, ugumu uko wapi katika hili?" na nanyamaza. Ukimya huo unauma, lakini uvumilie. Kwenye jambo la simu, baada ya ukimya mrefu aliniambia kwamba kuanzia saa nne mpaka saa kumi hakuna mtu mzima anayezungumza naye, na simu ndiyo sauti ya mtu pekee anayoisikia. Alikuwa na miaka 19. Mimi nilikuwa nimeona uzembe, yeye alikuwa ananieleza upweke.

Mambo matatu ya kuepuka nimeyalipia gharama, kwa hiyo nayataja. Usilete malalamiko siku ya mshahara, maana yatasikika kama bei ya fedha hiyo. Usilete yote kwa pamoja. Chagua moja, na la wiki jana lililokwisha liache. Na baba na mama msikae wote wawili upande mmoja wa meza mbele ya dada mmoja. Hata mkisema kwa upole kiasi gani, kwake kile ni kikao cha hukumu. Azungumze mmoja, yule aliyemzoea zaidi.

Mtu wa kati

Kwetu jambo zito lina wabebaji wake, na si aibu kulipitisha kwa mtu. Ila mtu wa kati anafaa kwa mlezi mmoja na kuharibu kwa mwingine.

Kwa mama mkwe, mimi naona ndiyo njia iliyo bora. Nilijaribu kusema mwenyewe kuhusu maji. Akanitazama, akasema amelea watano na wote wako hai. Ningemjibu nini? Kumpinga ni kumvunjia heshima, na kunyamaza ni kumwachia mtoto tumbo. Mume wangu, ambaye ni mwanawe, alisema naye akajibiwa hivyo hivyo, na juu yake akaulizwa tangu lini anafundishwa na mkewe. Kilichofaa ni kliniki. Siku ya chanjo nilimwomba yeye ampeleke mjukuu pamoja nami, na tulipofika nikamwachia yeye kadi na mtoto. Nesi akamwambia, "Bibi, huyu maziwa tu mpaka miezi sita, hata maji bado, maana maziwa yana maji ya kumtosha." Bibi akauliza maswali yake yote, kuhusu joto, kuhusu kiu, kuhusu choo, akajibiwa kwa heshima. Alirudi nyumbani yeye ndiye mtetezi wa maziwa. Jirani alipoleta kikombe cha maji alimkataza. Mimi sikuongeza neno.

Kwa dada ni tofauti. Kumpigia aliyemleta, au mama yake kijijini, ni kumwaibisha mbele ya watu ambao heshima yake kwao ndiyo mtaji wake. Atatii wiki moja, kisha atakwenda Krismasi na hatarudi. Mimi mama yake nampigia kwa mambo mawili: kumsifia, na akiugua. Jirani naye asiwe mjumbe kamwe. Habari ikivuka ukuta inarudi imenenepa.

Kituoni: mwalimu au mwenye kituo?

Hapa watu wengi wanaruka ngazi. Wanakwenda moja kwa moja kwa mwenye kituo, mwalimu anaitwa ofisini, anakemewa, na kesho yake ndiye anayemfuta mtoto wako kamasi. Kama jambo limo mikononi mwa mwalimu, lianze kwa mwalimu. Kama ni la mpangilio, fedha, idadi ya watoto kwa mlezi mmoja, usafi wa vyoo, geti lisilofungwa, hilo mwalimu hana uwezo nalo. Kumlaumu ni kumwonea.

Ile alama ya meno ilinifundisha kutofautisha. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, umri ambao kung'atana ni jambo la kawaida kwa sababu meno yapo na maneno bado. Nilifika nimefura, nikataka jina la mtoto aliyemng'ata. Mwalimu alikataa kulitaja. Nilichukia, lakini alikuwa sahihi: angenipa jina, ningemtafuta mama wa mtu mlangoni. Nilirudi siku ya pili na maswali mengine. Ilikuwa saa ngapi? Walikuwepo watoto wangapi na walezi wangapi? Baada ya kung'atwa mlifanya nini? Majibu yalionyesha kwamba ilikuwa saa nne, wakati wa uji: mlezi mmoja anagawa, mwingine amebaki peke yake na kundi zima lenye njaa. Basi kosa halikuwa la mwalimu. Nilimwambia kwamba nitalipeleka kwa mkuu wa kituo kama suala la saa nne, na kwamba yeye amenieleza vizuri. Niliomba miadi, nikapewa Jumatano mchana. Sasa uji unagawiwa kwa makundi mawili.

Baada ya mazungumzo ya namna hiyo mimi huandika ujumbe mfupi wa shukrani wenye makubaliano ndani yake: "Ahsante kwa muda wako leo. Tumekubaliana uji ugawiwe kwa makundi mawili kuanzia Jumatatu." Huo ni mchanganyiko mzuri wa njia mbili: ugumu unasemwa uso kwa uso, kumbukumbu inakaa kwenye maandishi.

Kwa msomaji mwenye haraka, hivi ndivyo ningechagua mimi:

| Jambo | Dada wa kazi | Kituo | Bibi |
|---|---|---|---|
| Dawa, saa, vipimo | Maandishi, au sauti kama hasomi vizuri | Maandishi, na yarudiwe mlangoni asubuhi | Mwonyeshe kwa mkono |
| Simu, televisheni, kufokea | Kukaa chini jioni | Miadi na mwalimu | Mwanawe aseme, tena peke yao |
| Chakula na maji | Kukaa chini, kisha karatasi kwenye friji | Mwalimu kwanza | Nesi wa kliniki |
| Alama ndogo mwilini | "Ilikuwaje?" jioni hiyo hiyo | Mwalimu, kisha mkuu wa kituo kama ni mpangilio | "Ilikuwaje?" siku hiyo hiyo |
| Malipo, likizo, saa za kazi | Kukaa chini, si siku ya mshahara | Mwenye kituo | Mwanawe |

Mambo ambayo hayana njia ya kuchagua

Yote niliyoandika juu yanahusu mlezi mwenye nia njema anayekosea. Yako mambo ambayo ustaarabu huo wote unawekwa kando. Mtoto mwenye alama za fimbo au za kuungua zisizoelezeka. Mtoto anayelala mchana kutwa na kuamka amelegea, ukakuta chupa ya dawa ya mafua inapungua wakati hana mafua. Mtoto mwenye maumivu au majeraha sehemu za siri, au anayepiga kelele za hofu akimwona mtu fulani.

Hapo usianze na mazungumzo. Anza na kumwondoa mtoto. Kisha hospitali. Ukihisi amefanyiwa ukatili wa kingono, usimwogeshe na usifue nguo zake kabla hajapimwa, na usingoje kesho, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Mtoto anayeweza kusema umwulize kwa swali lililo wazi, "nini kilitokea?", wala usimtajie jina la mtu wala kitendo. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Namba 116, ya simu kwa ajili ya watoto, inapigwa bure, na namba hiyo hiyo inatumika Kenya.

Mtu wa kati hapa hana nafasi. Watakuja, wazee wa pande zote mbili, waseme tuyamalize nyumbani, tusimharibie mtu maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa kutoa taarifa kwa mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa, si kwa mzazi pekee. Sheria hiyo hiyo inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, kwa hiyo kituo kinachokuambia jambo liishie pale pale kina ofisi iliyo juu yake.

Baada ya kusema

Wengi hupima mazungumzo kwa jinsi yalivyoisha: alilia, hakulia, alikubali, alinuna. Mimi nayapima wiki tatu baadaye.

Kwenye lile jambo la simu, tulikubaliana ikae juu ya friji wakati mtoto yuko macho, na ashike akilala. Yangu nayo ikae pale pale tangu ninapoingia mpaka mtoto alale, kwa sababu aliniuliza, kwa adabu, mbona na mimi nikifika naishika. Hakuwa na jingine la kusema na mimi sikuwa na jibu. Tulikubaliana pia kwamba saa kumi, mtoto akiamka, watoke wakae barazani kwa mama wa duka, wasikie watu.

Wiki ya kwanza alikuwa mkimya. Ya pili picha zilianza kurudi. Ya tatu nilifika jioni moja nikamkuta amesimama getini, mtoto begani, macho mekundu. Kabla sijavua kiatu akasema, "Mama, leo ameanguka kitandani. Nilikuwa nimekwenda kuchukua maji." Mtoto hakuwa na alama yoyote ambayo ningeiona. Nilimuuliza ameangukia upande gani, alilia mara moja, alitapika au la, amelala baada ya hapo au la. Tukamtazama kichwa pamoja, nywele kwa nywele, chini ya taa ya sebuleni. Kisha tukakisukuma kitanda mpaka ukutani, yeye upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni.